Harufu ya petroli kwenye mito ya boti: kisa kimoja cha Kizimkazi

Boti ni ya faiba, ina hema la turubai juu na injini moja ya nje ya hospawa 40, ile ya zamani ya kuchanganya oili kwenye petroli. Hutoka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, asubuhi na mapema kupeleka wageni kutazama pomboo, na hurudi kabla jua halijawa kali. Ina mabenchi mawili ya ubavuni na kiti kipana cha tezini, yaani nyuma ya boti. Kila mto ni sponji ya inchi tatu iliyovikwa kava la poliesta la buluu, na chini yake kuna kibao cha plaiwudi kilichotobolewa matundu ili sponji ipumue. Kazi yangu ni kushona na kukarabati viti vya boti. Mwenye boti aliniita nimshonee makava mapya, kwa sababu yaliyokuwapo yalinuka petroli na sabuni ilikuwa imeshindwa.

Malalamiko yalianzia kwa wageni. Waliokaa tezini walichafukwa na moyo hata siku bahari imelala, na mmoja wao, mama mjamzito, aliomba ahamishiwe omo, mbele ya boti, mapema kabisa. Nahodha na baharia wake walikuwa hawanusi kitu. Hilo ni la kawaida: pua ikikaa na harufu moja kwa muda, huizoea na kuacha kumpa mtu taarifa. Mvuke wenyewe haupungui kwa kuwa pua imeuzoea, na watu hawa wawili walikuwa wakiuvuta kila asubuhi. Ndani ya petroli mna benzeni, kitu kinachojulikana kusababisha saratani ya damu kwa watu wanaokivuta kwa wingi na kwa muda mrefu. Kwa hiyo tangu mwanzo sikuichukulia kazi hii kuwa ya kuwapendeza wageni tu.

Nahodha ndiye aliyenipa fununu bila kujua. "Fundi, tukiyafua yanatoka safi kabisa," alisema. "Boti ikishinda juani tu, harufu hiyo hapo tena." Harufu inayoondoka kwa maji na kurudi kwa joto haikai kwenye kitambaa. Ina ghala lake mahali fulani karibu, na jua ndilo linalolifungua. Nilimwambia mwenye boti asinunue kitambaa kwanza. Makava mapya juu ya ghala lile lile yangenuka kabla mwezi haujaisha.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi, yaani kemikali za hidrojeni na kaboni, nyepesi na nzito. Zilizo nyepesi kabisa huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 30 hivi, yaani joto la mchana wa kawaida pwani, na nzito huhitaji hadi nyuzi 200. Ndiyo maana petroli iliyomwagika sakafuni hukauka mbele ya macho yako, na mtu hudhani imekwisha. Dizeli haina udanganyifu huo. Yenyewe huanza kuchemka pale ambapo petroli inaelekea kumaliza, kwa hiyo hubaki na kujionyesha kwa utelezi wake. Injini hii sasa ina jambo la ziada. Petroli yake huchanganywa na oili kwa kipimo cha 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa kila lita. Petroli inaruka, oili inabaki. Na oili ikibaki ndani ya sponji, huzishika zile sehemu nzito za petroli na kuziachia kidogo kidogo, zaidi pale joto linapopanda. Hicho ndicho wageni walichokuwa wakikivuta.

Tulivitoa viti vyote ufukweni, kwenye kivuli cha mkungu, mbali na majiko ya wanaokaanga samaki. Mito ya ubavuni ilikuwa na harufu ya kuambukizwa tu, ile inayokuja kwa kukaa jirani. Mto wa tezini ulikuwa mwingine kabisa. Nilipoondoa pini na kulivua kava, sponji upande wa chini ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na madoa yamepangana kwa kufuata matundu ya plaiwudi, duara baada ya duara. Tabaka mbili za sponji zilizogandishwa pamoja zilikuwa zimeachana kwenye kona, kwa sababu petroli huvimbisha sponji ya aina hii na kuilainisha gundi. Upande wa juu, unaokaliwa, haukuwa na doa hata moja.

Kwa hiyo petroli haikumwagwa juu ya kiti, kama kila mtu alivyoamini. Ilipanda kutoka chini.

Kabla ya kufungua sanduku la tezini nilifanya vipimo viwili rahisi, na ningependa kila fundi avijue. Cha kwanza ni chupa. Nilikata kipande kidogo cha kava, cha sponji, cha plaiwudi na cha mkanda wa zipu, kila kimoja nikakitia kwenye chupa yake ya jamu yenye kifuniko cha kukaza, nikaziacha juani hadi zipate moto. Kisha nikazifungua moja moja, mtu ambaye hakuwa pale asubuhi akanusa, si kwa kuingiza pua chupani bali kwa kuupunga mvuke kwa mkono. Chupa ya kava ilikuwa hafifu. Ya zipu hafifu. Ya sponji ilimfanya ageuze uso. Ya plaiwudi ilikuwa kali karibu sawa na ya sponji, na hilo halikuwa limefikiriwa na yeyote: kibao chenyewe kilikuwa kimekunywa.

Cha pili ni karatasi. Unakandamiza karatasi nyeupe isiyo na mistari juu ya doa, unaweka tofali, unaiacha, kisha unaitundika kivulini upepo uipitie. Alama ya petroli tupu hutoweka. Alama ya oili haiondoki. Ukiiinua karatasi kuelekea mwangani, mahali pale panapitisha nuru. Karatasi ya sponji ya tezini ilibaki na madoa ya namna hiyo karibu eneo zima. Za makava zilikuwa na alama pembezoni tu, kwenye mshono wa chini. Hapo kazi ilikuwa imegawanyika yenyewe: makava yanaokoleka, sponji ya tezini na kibao chake haviokoleki.

Ndani ya sanduku la tezini, chini ya kiti hicho, lilikaa tangi la plastiki la lita 24. Nahodha hulijaza kituoni mapema, petroli ikiwa bado na ubaridi wa tangi la ardhini, na hulijaza hadi mdomoni, kwa sababu safari ya pomboo haina uhakika wa umbali na hakuna anayetaka kuishiwa mafuta na wageni ndani. Nia ni njema. Lakini petroli hutanuka kwa joto, kiasi cha karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzijoto moja. Lita 24 zikipanda nyuzi 15, jambo dogo sana ndani ya sanduku lililofungwa juani, zinaongezeka theluthi moja ya lita. Theluthi hiyo haina pa kwenda. Inatoka kwenye kitundu cha hewa cha kifuniko, inateremka ubavuni mwa tangi, inaenea chini ya sanduku. Ndani yake mna oili inayozidi kijiko kimoja cha chai. Siku moja si kitu. Lakini hurudiwa kila siku ya kazi, msimu baada ya msimu, na bahari ya kusi inapoirusha boti, kilichoko chini ya sanduku kinaruka hadi kwenye plaiwudi na kupenya matunduni.

Balbu ya kupampia mafuta kwenda kwenye injini na mpira wake vilikuwa vizima, na viungio havikuvuja. Nilivikagua kwa sababu mara nyingi tatizo huanzia hapo, na mpira ukianza kufanya nyufa ndogo karibu na kiungio hakuna usafi wa mito utakaodumu.

Mafuta mengine yalikuwa yameshafika ngamani. Hapo ndipo nilipoacha kuzungumzia harufu na kuzungumzia moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hauruki ukapotea, unateremka na kutulia mahali pa chini kabisa, na kwenye boti mahali hapo ni ngama. Hewa ikiwa na mvuke huo kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja inatosha. Petroli haihitaji hata kupashwa moto. Hutoa mvuke wa kuwaka kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baharia alikuwa na desturi ya kuvuta sigara akiwa amekaa pale pale tezini. Tulizungumza naye kwa upole, na nashukuru alisikia.

Mazungumzo magumu zaidi yalikuwa na mama mzazi wa mwenye boti. Alikuja ufukweni na chetezo, makaa yameshika, udi mkononi. Nyumba nyingi za Unguja nguo hufukizwa, na kwake yeye kitu kinachonuka dawa yake ni hiyo, wala hakukosea kwa mambo ya kawaida. Alikuwa ameshasikia kuwa sabuni imeshindwa. Nilimwamkia, nikamwomba, "Bibi, chetezo kikae kule kwenye mnazi kwanza. Mito hii bado ina petroli, na kaa lako litaiona kabla sisi hatujaiona." Akanitazama, akaitazama sponji, akarudi nyuma mwenyewe. Nasimulia hili kwa sababu si yeye peke yake. Ubani, udi, mishumaa ya manukato, pasi, dryaya za hoteli: vyote ni joto juu ya mafuta, na kava lenye petroli likiingia kwenye mashine ya kukaushia linaweza kuilipua mashine. Hata mashine ya kufulia ya nyumbani isitumike mpaka harufu imekwisha.

Nyumbani walikuwa wameshajaribu mengi. Siki walijaribu, siki ni asidi, inafaa kwa harufu za mkojo na samaki, lakini hidrokaboni haijali asidi. Baking soda vivyo hivyo, inapunguza kidogo kwa kuwa ni unga mkavu unaonyonya, si kwa sababu ina uadui wowote na petroli. Dawa ya madoa ya klorini waliimwagia mara moja ikaacha weupe kwenye kona ya buluu, na harufu ikabaki ilivyo. Namshukuru Mungu hawakuichanganya na ile siki, maana hizo mbili pamoja hutoa gesi ya klorini. Kuna pia aliyewashauri waifunge sponji kwa nailoni kabla ya kuivika kava. Ushauri huu nausikia sana na unaonekana wa akili, ila nailoni ya kawaida haizuii mvuke wa petroli. Unapenya taratibu, na juu ya hayo jasho na maji ya chumvi yanabaki ndani yakiozesha.

Makava tuliyashughulikia hivi. Kwanza yalitundikwa kwenye kamba, kivulini, upande kusi linapovuma moja kwa moja, ndani yakiwa yamegeuzwa nje. Upepo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi na haulipishwi, nasi tulibahatika kwamba masika yalikuwa yameisha. Harufu ile kali ya mwanzo ilipokatika, tuliyalaza juu ya meza na kuyanyunyizia poda kwenye mishono ya chini, tukaiacha ikae muda mrefu inywe oili, kisha tukaipangusa kwa brashi laini.

Baada ya poda ikaja sabuni, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea mpangilio. Wanaloweka kwanza. Ukiloweka, nyuzi zinajaa maji na sabuni haiifikii oili tena. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inapakwa ikiwa nzito, haijazimuliwa, kwenye kitambaa kikavu, moja kwa moja juu ya doa, na kusuguliwa taratibu kwa kufuata mshono. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta. Inaizunguka oili na kuifanya ikubali kuondoka na maji. Iache ifanye kazi kabla ya kuongeza maji ya uvuguvugu, tena maji ya bomba au ya kisima kitamu. Maji ya bahari yanaiua povu, na chumvi inayobaki kwenye kitambaa inavuta unyevu kila usiku, mto haukauki. Suuza hadi maji yatoke bila utelezi. Anika kivulini. Rudia. Sisi tulirudia mpaka karatasi nyeupe ikawa haitoi alama, na hapo ndipo pua ikaruhusiwa kutoa maoni.

Maji ya kwanza ya kusuuzia, yale yenye oili, hayakumwagwa baharini. Pomboo wale wale ndio riziki ya kijiji kizima.

Mikanda pembezoni mwa kava la tezini ilikataa. Ndani ya ule mkanda wa duara mna kamba ya pamba, na pamba ilikuwa imehifadhi oili mahali ambapo brashi haifiki. Niliifumua yote nikashonea mipya yenye kamba ya plastiki ndani. Kazi ya kushona iliyofanyika kwenye kisa hiki, ukiacha kurudisha zipu, ilikuwa hiyo tu. Kitambaa cha buluu kilikuwa na miaka mingi mbele yake.

Mito ya ubavuni, iliyoambukizwa tu, haikuoshwa sponji zake. Zilipigwa upepo, kisha zikakaa ndani ya pipa lililofungwa pamoja na mifuko ya kitambaa yenye kaboni amilifu, ile inayouzwa kwa vichujio vya maji. Makaa ya kupikia husaidia kidogo, lakini kaboni amilifu imefunguliwa vinyweleo vyake kwa mvuke na joto kali hadi gramu moja tu inakuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 500, na mvuke wa petroli hung'ang'ania humo. Inafaa kwa mwisho wa kazi. Ukiiweka kwenye sponji iliyolowa oili, inajaa na kuacha kufanya kazi huku ghala likiwa halijapungua.

Kuhusu sponji ya tezini, mwenye boti aliniuliza kama haiwezi kukanyagwa kwenye beseni la sabuni kama zulia. Inawezekana kwa petroli mpya iliyomwagika leo. Kwa hii, iliyokunywa oili kwa misimu na gundi yake imeachia, tungekuwa tunaosha maji. Sponji mpya ina gharama, lakini ni ndogo kuliko ya kitambaa alichokuwa tayari kukinunua. Alikubali. Kibao cha plaiwudi nacho kilitupwa. Mbao iliyonywa oili haishiki rangi, huwezi hata kuifungia harufu ndani. Kipya kilipakwa epoksi pande zote na ndani ya kila tundu kabla ya kufungwa.

Ngama tulikumba maji yake kwa upo, kwa mkono, bila kuwasha pampu ya umeme. Utando wa oili uliobaki ulinyonywa kwa sufi, ile inayotoka kwenye mti wa msufi, iliyotiwa kwenye mfuko wa neti. Hii ni mali yetu tunayoisahau. Sufi haipendi maji na hunywa mafuta mara nyingi kuliko uzito wake, wakati tambara la kawaida hujaa maji kwanza. Ila sufi yenye petroli ni ya kuwaka upesi mno, kwa hiyo ikitoka ngamani inatandazwa mahali pa wazi, mbali na watu, wala hairundikwi kwenye gunia.

Na sufi hiyo hiyo ina historia ya kukumbukwa hapa. Zamani jaketi za kuokolea maisha zilijazwa sufi, na moja ya sababu za kuziacha ni kwamba zikilowa mafuta zilipoteza uwezo wa kuelea. Ndani ya lile sanduku la tezini, ubavuni mwa tangi, kulikuwa na jaketi za wageni zimepangwa vizuri, na za chini kabisa mikanda yake ilikuwa imelowa na kunata. Za siku hizi ni povu la seli zilizofungwa, halinywi kama sponji, lakini petroli hudhoofisha povu, mishono na mikanda, na jaketi ambayo huwezi kuiamini si jaketi. Nilizitoa nikazikata mikanda mbele ya mwenye boti ili zisirudi kutumika. Hakuwa ameniita kwa ajili hiyo. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kufanya kwenye boti ile, ningechagua hilo.

Tangi bado hujazwa likiwa nchi kavu, ila sasa linaachiwa nafasi ya kama lita mbili. Kitundu cha hewa kinafunguliwa injini inapofanya kazi na kukazwa ikizimwa. Sanduku limetobolewa matundu ya hewa chini kabisa na mengine juu, ili mvuke mzito upate njia ya kutokea. Jaketi zimehamia omo.

Kipimo cha mwisho hakikufanywa asubuhi, saa ambayo kila boti hunukia vizuri. Mito ilifungwa mahali pake, boti ikashinda juani hema likiwa limekunjwa, na saa nane mchana dada wa mwenye boti, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu tuanze, aliinama kwenye kiti cha tezini akavuta pumzi. Alinusa sponji mpya na epoksi. Petroli haikuwapo, na ilikuwa haipo pia mito ilipopimwa vivyo hivyo baada ya wiki kadhaa za safari.

Sponji ya zamani haikuchomwa moto, ingawa kijana mmoja alikuwa ameshaikokota kuelekea jalalani na kiberiti mfukoni. Moshi wa sponji ya aina hiyo una sianidi ya hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Ilikatwa vipande, ikatandazwa kwenye mchanga mkavu nyuma ya karakana mpaka petroli ikaisha, ndipo ikaondoka na gari la taka.